William Cowper: Mtoto Aliyeogopa Kuinua Macho

Chama chetu cha Kiswahili kilipotutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wengi wa wenzangu walikimbilia marais na wanariadha. Mimi nimemchagua mtu ambaye pengine hujawahi kusikia jina lake, ingawa ukiwa ni mtu wa kwenda kanisani, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba umeshawahi kuimba maneno yake. Mtu huyo ni William Cowper, mshairi wa Uingereza. Usitishwe na jinsi jina lake linavyoandikwa. Kwao hulitamka Kupa, kama vile mtu anayetaka kukupa kitu. Na kwa hakika ana kitu cha kutupa sisi wanafunzi.

Nilikutana naye katika kitabu cha nyimbo za Kiingereza cha marehemu babu yangu. Kuna wimbo ambao kanisani kwetu huimbwa kwa Kiswahili wakati wa Ijumaa Kuu, unaotaja chemchemi ya damu. Nilipoutafuta katika kitabu cha babu niliona chini yake jina hilo na miaka miwili, 1731 na 1800. Nikadhani huyu alikuwa askofu fulani mnene mwenye raha zake. Umdhaniaye ndiye siye! Nilimwuliza mwalimu wetu wa fasihi, naye akanifungulia kabati na kunipa kitabu kikubwa kuhusu washairi wa Uingereza. Nilisoma usiku huo mpaka mama akanizimia taa.

Cowper alizaliwa Novemba 1731 katika mji mdogo wa Berkhamsted. Baba yake, John Cowper, alikuwa kasisi wa kanisa la mji huo. Mama yake aliitwa Ann. Wazazi hao walijaliwa watoto saba, lakini watano walikufa wakiwa wachanga. Walibaki wawili tu, William na mdogo wake John. Mwaka wa 1737, mara tu baada ya kumzaa huyo John, mama mwenyewe akafariki. William alikuwa hajatimiza miaka sita. Miaka zaidi ya 50 baadaye, mwaka wa 1790, jamaa yake mmoja alimletea picha ya mama huyo. Mzee mzima alilia, akaiweka karibu na kitanda chake, kisha akaiandikia shairi refu.

Sasa fikiria mtoto wa miaka sita, mama amezikwa juzi, halafu anafungiwa sanduku na kupelekwa shule ya bweni. Hivyo ndivyo alivyofanyiwa William. Alipelekwa shule ya Dakta Pitman, mahali panapoitwa Markyate. Huko palikuwa na mvulana wa miaka 15 hivi. Katika watoto wote mvulana huyo alimchagua William awe wa kuteswa, na alimtesa kwa siri kubwa hata mtu yeyote asishuku. Alipokuwa mtu mzima, Cowper aliandika kumbukumbu za maisha yake na kueleza kwamba alimwogopa mvulana yule kiasi cha kutothubutu kuinua macho kupita magoti yake. Uso wake hakuujua vizuri. Alichokijua ni bizimu za viatu vyake, vile vifungo vya chuma. Akiona bizimu zile zinakuja, moyo unaruka.

Hapo niliweka kitabu chini. Wenzangu, mimi pia nimewahi kumjua mtu kwa viatu.

Nilipokuwa darasa la tano katika shule ya msingi, ambayo sitaitaja, palikuwa na mvulana mkubwa aliyekuwa akinisubiri nyuma ya vyoo wakati wa mapumziko. Alikuwa anachukua pesa zangu za maandazi. Siku ambayo sina pesa, nilikuwa nalipa kwa mgongo. Alivaa raba zenye kamba nyekundu. Mpaka leo nikiona kamba nyekundu kwenye kiatu tumbo hunikoroga. Sikumwambia mtu hata mmoja. Nilikonda mpaka mama akasema nina minyoo, akaninunulia dawa ya minyoo, nami nikainywa yote kimya. Usiku nilikuwa naomba Mungu amvunje mguu. Hakuvunjika. Alimaliza darasa la nane akaenda zake, na mimi nikabaki na mazoea ya kutembea nikitazama chini.

Kwa hiyo nilitaka sana kujua William alifanyaje. Siku moja, alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi pale shuleni, karibu kulia, akimngoja mtesaji wake atokee wakati wowote. Ghafla yakamjia mawazoni maneno ya Zaburi aliyofundishwa, yale ya kwamba mtu mwenye Mungu upande wake hana sababu ya kuogopa lolote ambalo mwanadamu anaweza kumtenda. Mtoto yule aliyachukua yale maneno kama yameandikwa kwa ajili yake. Anasema alipata ujasiri na uchangamfu ambao hakuwahi kuwa nao kabla ya hapo. Huo ndio mwanzo wa imani yake, juu ya benchi, kabla hajafika umri wa kuelewa mahubiri.

Lakini tusidanganyane. Zaburi haikumwondolea yule mvulana mbele yake siku hiyo. Mateso yaliisha pale wakubwa walipokuja kugundua. Mvulana akafukuzwa shule, na William naye akatolewa pale. Tazama basi: imani ilimshika asianguke, lakini bado ilihitajika watu wazima wajue na wafanye kazi yao. Laiti ningejua hivyo wakati ule nikinywa dawa ya minyoo!

Baada ya hapo macho yake yaliugua, akawekwa nyumbani kwa tabibu wa macho kwa muda wa miaka miwili hivi. Kisha akapelekwa Westminster, shule maarufu ya London, akakaa mpaka miaka 18. Huko mambo yalikuwa afadhali. Alipata marafiki, akawa hodari wa Kilatini, na hata akacheza kriketi na kandanda vizuri. Ungemwona wakati huo ungesema huyu kijana amepona, yale ya utotoni yamekwisha. Hata yeye alifikiri hivyo.

Baba yake alitaka awe mwanasheria. Akasomea sheria bila hamu, na mwaka wa 1754 akakubaliwa kuwa wakili. Katika miaka hiyo alimpenda binti wa baba yake mdogo aliyeitwa Theodora, naye binti akampenda, lakini baba wa msichana akakataa ndoa hiyo katakata. Theodora hakuolewa maisha yake yote. Na katika miaka hiyo hiyo, akiwa na umri wa miaka 21 hivi, ugonjwa ukaingia kwa mara ya kwanza. Haukuwa ugonjwa wa homa. Ilikuwa huzuni isiyo na mlango wala dirisha, ya mchana na usiku, ambayo siku hizi madaktari huita sonona. Alipoteza ladha ya vitabu alivyovipenda. Ilimchukua miezi mingi kutoka humo.

Mwaka wa 1763 jamaa yake alimpatia nafasi ya kazi nzuri, ya ukarani katika Bunge la Malodi. Kumbe palikuwa na watu waliopinga, ikaamuliwa kwamba lazima asimame mbele ya Bunge ahojiwe kama anaiweza kazi yenyewe. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kwa Cowper ilikuwa ni kama kurudishwa Markyate. Kusimama katikati ya wakubwa wanaomkazia macho, na kila mmoja anangoja akosee! Alisoma zile karatasi za kazi kwa miezi na hakuna kilichoingia kichwani. Siku ya kuhojiwa ilipokaribia, alijaribu kujiua, tena zaidi ya mara moja. Mungu bariki, alishindwa.

Ndugu zake hawakumficha wala kumfunga kamba. Desemba 1763 walimpeleka mji wa St Albans kwa Dakta Nathaniel Cotton, ambaye alikuwa na nyumba ya kutibia wagonjwa wa akili. Zama zile hospitali nyingi za namna hiyo zilikuwa za minyororo na viboko, lakini Dakta Cotton alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, na yeye mwenyewe alikuwa akitunga mashairi. Alimtibu kwa subira. Katikati ya mwaka wa 1764, Cowper aliokota Biblia, akaifungua, akasoma sura ya tatu ya Waraka kwa Warumi. Alilia kwa furaha. Aliona amesamehewa na kwamba anapendwa. Dakta aliogopa kwamba furaha hiyo ni ugonjwa umegeuza sura, akaendelea kumchunguza kila siku kabla ya kukubali kwamba mgonjwa wake ameanza kupona. Nimependa sana hapo. Dakta na Biblia walikuwa nyumba moja, na hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Alipotoka mwaka wa 1765 alienda kukaa mji wa Huntingdon. Huko akapokewa na familia ya kasisi Morley Unwin na mkewe Mary. Walimpa chumba, lakini zaidi ya chumba walimpa nyumba. Mwaka wa 1767 yule kasisi alianguka kutoka kwa farasi akafa. Cowper na Bi Mary, ambaye alimchukulia kama mama, wakahamia kijiji cha Olney. Walimfuata mtu mmoja wa ajabu, John Newton.

Huyu Newton ndiye aliyetunga ule wimbo wa neema ya ajabu ambao dunia nzima inaujua. Ila kabla ya hapo alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Alinunua watu katika pwani ya Afrika Magharibi, akawafunga minyororo na kuwavusha bahari. Kama ni mtesaji, basi Newton alikuwa mtesaji kuliko yule mvulana wa bizimu mara elfu. Lakini mtu huyo alibadilika. Aliacha kazi ya bahari, akawa kasisi wa Olney, na mwaka wa 1788 aliandika kijitabu akakiri mbele ya watu wote uovu wa biashara ile na sehemu yake ndani yake. Sasa ona, mtu aliyeteswa utotoni na mtu aliyewatesa wengine wakawa majirani na marafiki wa chanda na pete. Nyumba zao ziligawanywa na shamba la matunda, nao wakafanya njia ya kupita ili wasizunguke barabarani.

Olney ilikuwa kijiji cha maskini, watu walioishi kwa kufuma lesi. Newton alitaka nyimbo rahisi ambazo watu hao wangeweza kuziimba katika mikutano ya sala, na akamwomba Cowper wasaidiane. Kitabu chao kilitoka mwaka wa 1779 kikiwa na nyimbo 348. Zaidi ya 60 ni za Cowper, nyingine zote za Newton. Ule wimbo wa Ijumaa Kuu umo humo.

Hapa ningependa kuandika kwamba baada ya hapo aliishi raha mustarehe, kwa kuwa wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Waama, kwa Cowper haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa mwaka wa 1773 ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Katika ndoto alisikia sauti ikimwambia kwamba kwake mambo yote yamekwisha, amepotea. Akaamini ni Mungu amemkataa, yeye peke yake katika watu wote. Tangu hapo hakuingia tena kanisani kusali. Fikiria! Mtunzi wa nyimbo zinazofariji maelfu ya watu anakaa nyumbani Jumapili, anasikia kengele, anaamini nyimbo zake ni za kweli kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Je, Newton alifanya nini? Je, alimsema mbele ya waumini kwamba hana imani ya kutosha? La hasha! Alimchukua yeye na Bi Mary nyumbani kwake, wakakaa humo zaidi ya mwaka mzima, na Newton akabeba mzigo huo bila kuwafukuza. Bi Mary alimuuguza usiku na mchana, mpaka watu wakamsengenya. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kilichofuata kitawachekesha. Mwaka wa 1774, watoto wa jirani walikuwa na mtoto wa sungura wa miezi mitatu hivi. Walijua zaidi kumchokoza kuliko kumlisha, na mnyama akawa anakonda. Baba yao akaamua kumpa Cowper, kwa kuwa alijua anahitaji kitu cha kumshughulisha. Habari zilipoenea, majirani walimletea sungura wengi mno, lakini aliwafuga watatu tu. Aliwaita Puss, Tiney na Bess, majina ya kike, ingawa wote walikuwa madume. Aliwajengea vibanda vya mbao kwa mikono yake. Puss alipougua, Cowper alimtunza kando na wenzake, na alipopona mnyama alimlamba mkono wote kama mtu anayesema asante. Baadaye Puss alikuwa akimgongagonga magotini ili ampeleke bustanini. Aliishi karibu miaka 12. Tiney hakufugika kamwe. Ukimgusa anakoroma na kukupiga kwa miguu ya mbele, na Cowper alimpenda vivyo hivyo.

Katika ngano zetu sungura ni mjanja wa kuwashinda fisi na simba. Yule wa Olney alikuwa mnyonge aliyechokozwa na watoto, na ninafikiri Cowper alimfahamu kuliko mtu mwingine yeyote kijijini.

Pole pole, kwa sungura, bustani na useremala, akili ilitulia, na kalamu ikarudi. Mwaka wa 1782, akiwa na miaka 50, alitoa kitabu chake kikubwa cha kwanza cha mashairi. Mwaka huo huo rafiki mmoja, Bibi Austen, alimsimulia kisa cha mfanyabiashara wa London aliyepanda farasi asiyeweza kumzuia, farasi akapitiliza naye mji baada ya mji. Cowper alicheka usiku kucha, akageuza kisa hicho kuwa shairi la John Gilpin, na Uingereza nzima ikacheka. Baadaye Bibi Austen alimtania atunge shairi kuhusu kochi. Alianza na kochi kweli, lakini likakua likawa The Task, kitabu kizima kilichotolewa mwaka wa 1785, kikamfanya mmoja wa washairi waliosomwa sana nchini kwake.

Ndani ya kitabu hicho mna shairi jingine liitwalo Tirocinium, ambalo ni la kuwashambulia wazazi wanaowatupa watoto wadogo katika shule kubwa za mbali. Anawahimiza akina baba wawasomeshe watoto wao karibu na nyumbani ambapo wanaweza kuwatazama nyuso. Miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita tangu Markyate. Mtendi husahau, mtendewa hasahau. Sisi wa shule ya kutwa, tunaolalamika kila asubuhi kuhusu matope na nauli, tukumbuke kwamba jioni kuna mtu nyumbani wa kututazama nyuso, kama tutakubali kuziinua.

Mwaka wa 1788 watu waliopinga biashara ya watumwa walimwomba awatungie mashairi ya kuimbwa mitaani. Akatunga Malalamiko ya Mtu Mweusi, ambamo Mwafrika aliyeuzwa anasema mwenyewe na kuwauliza Waingereza maswali makali. Lilichapishwa na kusambazwa kwa wingi. Karibu miaka 170 baadaye Martin Luther King alikuwa akitumia beti zake katika hotuba zake kule Marekani. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka wa 1807, Cowper akiwa amekwisha kuzikwa. Kumbe mtoto aliyeogopa kutazama juu ya magoti alikuja kuwatazama wenye meli za watumwa machoni.

Mwisho wake haukuwa mtamu. Bi Mary alipatwa na kiharusi, na sasa ikawa zamu ya Cowper kumlisha na kumwongoza. Mary alifariki mwaka wa 1796. Cowper alifariki tarehe 25 Aprili 1800 katika mji wa East Dereham, akiwa na miaka 68, na ile huzuni ilikuwa haijamwacha. Nyumba yake ya Olney ni makumbusho tangu mwaka wa 1900.

Je, ni uonevu wa shuleni uliomfanya augue? Mimi sisemi hivyo. Kuna kifo cha mama, na kuna magonjwa ya akili yanayomjia mtu kama pumu inavyomjia mwingine. Lakini ni yeye mwenyewe aliyeuandika uonevu ule mwanzoni mwa kumbukumbu zake. Na je, imani ilimsaidia? Nimelifikiria swali hilo sana. Kama unataka imani iwe kidonge cha kuondoa maumivu, basi utasema haikumsaidia. Lakini bila ile Zaburi sijui mtoto yule angevumiliaje kwenye benchi. Na baadaye, wakati yeye mwenyewe hakuweza tena kuamini, walikuwapo watu walioamini na ambao hawakuondoka. Dakta Cotton, Bi Mary, Newton. Imani yao ilimfikia kama uji, kitanda na mtu wa kutembea naye. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia mtu anaambiwa eti huzuni yake ni dalili ya kukosa maombi.

Sasa nikiri. Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, palikuwa na kijana wa kidato cha kwanza, mono, mdogo wa mwili, sweta limemzidi. Tulikuwa tunamficha begi, tunamwambia apige magoti aimbe ndipo tumrudishie. Mimi sikumpiga hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kushika begi na kucheka. Niliona ni mzaha tu, na mzaha mzaha hutumbuka usaha. Siku moja nilipomnyoshea begi lake, niliona hanitazami usoni. Alikuwa anatazama viatu vyangu.

Nilirudi nyumbani na sikula. Lakini sikusema kitu, kwa sababu ya aibu, mpaka nilipomsoma Cowper mwaka huu na kumfikia Newton. Kama nahodha wa watumwa aliweza kukiri mbele ya nchi nzima, mimi nashindwaje kukiri kwa mtu mmoja? Nilimkuta kijana yule kwenye benchi karibu na mfereji, nikaketi, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu aliinua macho, akaniuliza kama kile kitabu changu cha hesabu cha kidato cha pili bado ninacho. Nilimletea kesho yake. Ameniruhusu niandike haya, bila jina lake.

Rafiki yangu Mwislamu tunayekaa dawati moja aliniambia kwamba kwao hufundishwa kuwa dua ya aliyedhulumiwa haina pazia mbele ya Mwenyezi Mungu. Nikakumbuka dua zangu za mguu uvunjike, nikaogopa kufikiria kijana yule alikuwa anaomba nini juu yangu.

Kwa hiyo wenzangu, kama unaonewa, omba, lakini pia sema. Mwambie mwalimu wa zamu, mama, shangazi, yeyote mwenye masikio, na asipokusikia mwambie mwingine. Kama huzuni imekulemea mpaka unaona heri usiwepo, usiifiche hata siku moja. Kama unaonea wengine, au unashika begi tu na kucheka, hujachelewa. Nanyi walimu wetu, tunawaomba, mkipita gwaride asubuhi, msitazame tu sare na nywele. Mtazame pia ni nani anayetazama chini.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Ijumaa Kuu ijayo, wimbo ule ukiimbwa, nitamkumbuka aliyeutunga.